Na ya Kutolea

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kwa mambo mengi hawakukosea. Mirathi hugawiwa, kikao hupitisha, chungu huepuliwa, na aliye mbali hukuta mambo yamekwisha. Mapenzi ndiyo sehemu ya maisha ambako methali hiyo inashindwa kila siku. Anayependwa akiondoka, lake linabaki. Linaulizwa, linawekewa akiba, linamkosesha mtu usingizi. Ukitaka kujua mtu anapendwa kiasi gani, usiangalie sana anavyopokelewa akifika. Angalia lake linavyotendewa wakati yeye hayupo.

Kinachonishughulisha ni hiki: kumfikiria mtu asiyekuwepo ni kitendo cha namna gani? Ni kumjua, au ni kumbuni? Na kama ni kumbuni, tunampenda nani hasa?

Nina sababu mbili za kuuliza. Ya kwanza, nataka kuandika riwaya za mapenzi, nami naichukulia shughuli hiyo kwa uzito wote, ingawa wapo wanaoziita vihadithi na kuziweka chini ya kila uandishi mwingine. Ya pili ni ajira yangu. Napokea simu katika kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu hapa Dar es Salaam, kwa zamu, na zamu zenyewe ni ngumu. Kutwa nasikia watu wakizungumzia watu wengine ambao hawamo kwenye simu hiyo: mama kijijini ambaye hela haijamfikia, mtoto wa bweni, mume aliye machimboni Geita, binti aliyekwenda kufanya kazi Muscat. Karibu kila anayepiga anapiga kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Simu ikiingia, saa inaanza kuhesabu. Kila mmoja wetu ana wastani wa muda anaotumia kwa simu moja, na wastani huo unasomwa. Rekodi za sauti zetu nazo husikilizwa na mkaguzi mwenye fomu: ulisalimia, ulitaja jina, ulihakiki taarifa za mteja, uliuliza kama kuna lingine la kumsaidia. Silalamikii fomu. Anayesubiri kwenye foleni ya simu naye ana shida yake, na sekunde ninazozidisha kwa huyu zinatoka kwake. Lakini kuna wakati saa ile inapingana na jambo lenye thamani kubwa kuliko kasi, na wakati huo huja hasa anapopiga mzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo? Huko kwenu mvua zinanyesha?"

Saa inahesabu. Shida bado haijatajwa, wala haitatajwa mpaka nimejibu habari za mvua. Kwa kipimo cha ofisi hizo ni sekunde zilizopotea. Kwa mzee, ndizo zinazowezesha mazungumzo yote yanayofuata. Hanioni. Hajui nina umri gani, nimekaa wapi, nimekula au sijala. Ana sauti tu mkononi, na kwake haiwezekani kumweleza shida mtu asiye na kwao. Kwa hiyo, kabla ya kusema lolote, ananitafutia kwetu: watu walioko nyumbani, mvua inayonyesha au iliyokataa kunyesha. Ananibuni, kwa adabu kubwa, halafu ananiuliza kama kapatia. Sehemu hii ya pili nitairudia, maana nadhani ndiyo inayobeba kila kitu.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo kila Mtanzania analijua, na kwa kulizoea tumeacha kuliona. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kampuni nyingine zikafuata na huduma zao. Tangu hapo kutuma hela kumekuwa na gharama mbili. Ya kutuma anailipa mtumaji, na ya kutoa kwa wakala inakatwa kwa mpokeaji. Ukimtumia mtu shilingi 20,000, simu yake itaandika 20,000, lakini akienda kuzitoa zote ataambiwa salio halitoshi. Ndipo likazaliwa neno linalosemwa leo kila mahali, kwa wapenzi, kwa ndugu, kwa wanaodaiana: "Nimekutumia na ya kutolea."

Kaa na kitendo hicho kidogo. Anayeongeza ya kutolea amefanya nini akilini mwake? Ametoka alipo, amekwenda mpaka kwenye kibanda cha wakala ambacho pengine hajawahi kukiona, amesimama nyuma ya mpokeaji, amesikia wakala akitaja kiasi, ameona uso wa mtu aliyehitaji 20,000 kamili za dawa akipungukiwa mbele ya watu. Ameyaona hayo kabla hayajatokea, na akayazuia. Asiyeongeza ametoa hela aliyoahidi. Anayeongeza amehakikisha hela inafika ikiwa hela aliyoahidi. Tofauti ya fedha kati yao ni ndogo. Tofauti ya fikra ni kubwa sana. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, gharama zilipanda na simu za malalamiko zikatufurika, hata baada ya tozo hiyo kupunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo. Wengi waliacha kuongeza, na sikuona ubaya, maana hali ilibana. Lakini walikuwepo walioendelea, na walipokuwa wakitaja hesabu zao, niliwasikia wakipanga bei ya kutuma, ya kutoa na ya serikali, moja moja, ili mtu fulani asiaibike mbele ya kibanda fulani.

Niliposikia hesabu hizo ndipo nilipoanza kuamini kwamba mapenzi ni kazi ya kubuni. Simaanishi uongo. Namaanisha uwezo ule ule anaoutumia mwandishi anapomweka mhusika kwenye chumba na kujua, bila kuambiwa, kwamba mlango utakuwa nyuma yake. Hisia peke yake haikufikishi huko. Mtu anaweza kuwaka kwa mapenzi, akaapa kufa kwa ajili ya mwenzake, na asijue kwamba wiki hii mwenzake amehamishiwa zamu ya usiku. Riwaya nyingi za mapenzi, za kwetu na za nje, zinakesha kwenye moto na kiapo. Mimi nadhani penzi linaanza pale mtu anapoweza kufikiria saa ya mwenzake: iko wapi, ina uzito gani, ina upungufu gani.

Mwanafalsafa aliyenisaidia zaidi hapa ni Iris Murdoch, mzaliwa wa Dublin aliyefundisha Oxford, naye pia alikuwa mwandishi wa riwaya. Katika kitabu chake cha mwaka 1970, The Sovereignty of Good, anatoa mfano wa mama mkwe na mke wa mwanawe. Mama huyu anamwona binti yule ni mwema wa moyo lakini hana ustaarabu: ana mazoea kupita kiasi, ana utoto, anasema ovyo. Kwa nje mama hakosei hata mara moja. Anamkarimu, anazungumza naye vizuri, hakuna anayeweza kumshika kwa lolote. Kisha Murdoch anafanya jambo la busara sana. Anasema, tuseme vijana wamehamia ng'ambo, au binti amefariki, ili kila badiliko litakalotokea litokee ndani ya mama peke yake. Mama anakaa na kujiambia: mimi ni mtu wa zamani, pengine nina upendeleo, hakika nina wivu, hebu nimtazame tena. Anamtazama asiyekuwepo. Polepole binti anabadilika machoni pake. Si mshamba, ila hana makuu. Hana utoto, ana ujana unaopendeza. Hasemi ovyo, ni mchangamfu.

Wapo wanafalsafa wa wakati ule ambao wangesema hakuna kilichotokea, kwa kuwa hakuna tendo lililoonekana. Murdoch anashikilia kwamba mama amefanya kazi, tena kazi ya kimaadili, ingawa hakuna sahani iliyooshwa. Mfano huu unatuhusu kwa karibu. Nani hajui nyumba ambayo mkwe anahesabiwa kila anachopika na kila anachosahau, huku akiitwa mwanangu kwa sauti tamu? Na nani hajui nyumba, chache lakini zipo, ambazo mama mmoja aliamua kutazama upya, na kuanzia siku hiyo watu wakapumua bila kujua kilichobadilika?

Lakini swali linabaki pale pale. Tutajuaje kwamba mama ameona vizuri zaidi, na si kwamba amejipakia rangi machoni? Murdoch mwenyewe alitenganisha njozi zinazoihudumia nafsi na fikra inayomfikia mwingine. Kuzitenganisha kwa maneno ni rahisi. Mimi nilizitenganisha kwa kusikiliza wenye wivu.

Wanapiga, na ni wengi, wake kwa waume. Hujieleza kwa upole mwanzoni. "Dada yangu, naomba unitolee orodha ya simu zilizopigwa kutoka namba hii. Ni ya mke wangu. Laini nilimnunulia mimi." Jibu letu ni moja, na sheria iko nyuma yetu: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa ni za mwenye laini. Ukishakataa, upole unaisha na hadithi inaanza, na hadithi hizo ni hodari. Mwenye wivu anajua chumba. Anajua saa. Anajua shati. Fikra yake imekwenda mpaka mahali asipoonekana, kwa undani ambao mwandishi yeyote angeutamani, na imerudi na picha kamili.

Hapo nikalazimika kukubali kwamba undani si kipimo. Wala ukali wa hisia si kipimo, maana hakuna anayehisi kwa ukali kuliko mwenye wivu. Tofauti iko kwingine. Mwenye wivu ameshaandika mwisho wa hadithi, na anachotafuta kwangu ni mhuri. Orodha ikionyesha namba ngeni, mwisho wake umethibitika. Isipoonyesha, mke ana laini nyingine. Hakuna jibu linaloweza kumfikia. Anayemtumia mama yake na ya kutolea amebuni pia, lakini yuko tayari kuambiwa kwamba wakala wa pale alifunga tangu mwezi jana, kwamba siku hizi mama anakwenda senta ya pili, kwamba anayekwenda si mama bali ni mjukuu. Akiambiwa, anabadilisha picha yake bila kuona kwamba amenyang'anywa kitu. Yule mzee wa mvua alinitafutia kwetu, kisha akauliza. Kuuliza kule ndiko kunakotenganisha.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi wa wazi na simulizi nyingi tunazotumiana sehemu kwa sehemu kwenye simu, zile ambazo msomaji hulipia ili apate inayofuata. Nazipenda, nazisoma, na waandishi wake wana ufundi wa kumfanya mtu asilale. Lakini zimejaa wanaume wanaopekua simu za wapenzi wao, na kupekua kunasimuliwa kuwa dalili ya penzi zito. Haikuwa hivyo, na haiwezi kuwa. Anayepekua hamfikirii mwenzake. Anajifikiria mwenyewe kwa kutumia simu ya mwenzake. Na ndugu yake wa karibu ni yule mpenzi mpole wa njozi, anayempamba mwenzake mpaka hakuna binadamu anayeweza kukaa ndani ya pambo hilo. Huyo naye hakosi usingizi kwa ajili ya mtu. Anakesha na kazi ya mikono yake.

Mama yangu, ambaye nakaa naye, ana pingamizi lake, na sijapata lenye nguvu kuliko hilo. Usiku mmoja alisimama mlangoni akaniona naandika huku machozi yananilengalenga.

"Hao watu wapo kweli?"

"Hawapo, mama."

"Sasa unawalilia nini? Umeshinda unasikiliza wenye shida za kweli."

Jean-Jacques Rousseau alilisema jambo hilo hilo mwaka 1758, katika barua yake ndefu kwa d'Alembert kuhusu michezo ya jukwaani. Kwa maelezo yake, machozi tunayomwaga kwa watu wa kubuni hayatugharimu chochote. Wale hawatatuomba mkopo wala hawatahitaji kupelekwa hospitali. Tunatoka tumejiona wema, na wema wenyewe umeishia kwenye kiti. Miaka mitatu baadaye, 1761, mtu huyu huyu alichapisha Julie, riwaya ya mapenzi iliyoandikwa kwa barua tupu, barua za watu wanaotenganishwa, na wasomaji wakamwandikia kumweleza walivyolia. Baadhi ya watu humcheka kwa hilo. Mimi naona alikuwa na sababu. Nadhani aliendelea kuamini kwamba machozi ni rahisi, ila aligundua kwamba si machozi pekee yanayotokea mtu anapomsoma mtu asiyekuwepo.

Sidai kwamba msomaji wa riwaya anakuwa mtu mwema. Nimewajua wasomaji wakubwa wenye roho ngumu, na wapo wasiojua kusoma wanaoongeza ya kutolea kila mara. Ninachodai ni kidogo zaidi. Mtu akikulilia, amekupa hisia yake. Mtu akijitahidi kuipata saa yako ilivyo, akakosea, akafuta, akaanza tena, amekupa kitu kingine, na kitu hicho ni kile kile iwe wewe ni mama yake aliye Kasulu au mhusika wa sura ya tatu. Mama yangu ana haki ya kuuliza kwa nini nigawe kitu hicho kwa wasiokuwepo ilhali wenye shida wapo. Ningemjibu hivi: wenye shida ninaowasikia si wangu kuwaandika. Wameniambia kwa sababu walilazimika, na kilichosemwa kwenye simu ile ni amana. Hakuna hata mmoja wao aliyemo kwenye daftari langu, wala hatakuwamo. Kwa hiyo nikitaka kuelewa nilichosikia, njia niliyo nayo ni kubuni watu ambao hawajamwambia mtu yeyote chochote, na kuwafuata kwa uangalifu ule ule.

Uangalifu ndio unaochakaa, na hapa ajira inagusa mfupa. Watu hunipa pole kwa kukosa muda. Muda ni tatizo, lakini wapo walioushinda. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliyatoa akiwa mtumishi wa serikali. Anthony Trollope alifanya kazi Posta ya Uingereza tangu 1834 hadi 1867, ndiye aliyependekeza masanduku ya barua ya barabarani yaliyosimikwa kwanza Jersey mwaka 1852, na bado aliandika riwaya 47, nyingi zikihusu nani ataolewa na nani na kwa nini inachelewa. Nampenda kwa sababu kazi yake na yangu ni ndugu: yeye alisafirisha barua za wapenzi asizozisoma, mimi nahudumia miamala yao. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa imewekwa mbele yake, maneno 250 kwa kila robo saa. Tawasifu yake ilipotoka 1883, baada ya kifo chake, wengi walimdharau kwa kukiri hivyo. Walikosea. Saa haikumpunguzia kitu, kwa kuwa alikuwa anapima maneno, na maneno yanapimika.

Kinachochukuliwa kwangu si hicho. Inapofika saa ya sita ya zamu, maneno matatu ya kwanza ya mteja yananitosha. Huyu ametuma kimakosa. Huyu laini imefungwa. Huyu bando limeisha haraka kuliko alivyotarajia. Nampanga kwenye fungu lake kabla hajamaliza sentensi, na mara nyingi nimepatia, na anahudumiwa haraka, na anashukuru. Ofisi haikosei kulitaka hilo. Lakini ndicho kile alichokifanya mama mkwe wa Murdoch kabla hajaamua kutazama tena: binti yule alikuwa kwenye fungu. Nikitoka kazini na akili iliyokaa kutwa ikipanga watu kwenye mafungu, wahusika wangu nao wanaingia kwenye mafungu bila kupinga: mrembo, tajiri, mama mkali, rafiki msaliti. Wanaandikika haraka sana. Nimejifunza kuuogopa wepesi huo kuliko uchovu wenyewe. Kwa hiyo kwenye mwendokasi, kutoka Kivukoni kwenda Kimara, nikiwa nimesimama na simu mkononi, siandiki hadithi. Naandika swali moja kuhusu mmoja wao ambalo sijui jibu lake. Nyumbani ndipo naandika, na swali likiwa zuri, fungu linapasuka.

Riwaya ninazozirudia zimenithibitishia kwamba penzi la watu wenye kazi lina mambo mengi kuliko penzi la wenye nafasi. Katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2020, Hamza ni kibarua aliyerudi kutoka vitani na jeraha, na Afiya anaishi kwenye nyumba ya watu wenye macho. Hawana mahali pa kukutana wala saa ya kukutana. Hamza anatafsiri beti kutoka Kijerumani, anaandika kwa mkono wake, anampa. Kipande hicho cha karatasi kinabeba mapenzi yao kwa sababu kila kitu kingine kimeshikwa na kazi za watu wengine. Na katika Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, Denge anawindwa na polisi wa kikoloni, na naweza kusema Yasmini anaishi na kutokuwepo kwa Denge kuliko anavyoishi na Denge mwenyewe. Ningependa wahakiki wetu wakae na jambo hilo zaidi. Tunasoma siasa ya kitabu kile, na siasa imo, lakini imo pia elimu ya jinsi ya kumshika akilini mtu ambaye kila siku anaweza asirudi, bila kumgeuza mtu mwingine.

Riwaya ninayoiandika ina dereva wa lori na fundi cherehani. Dereva yuko Tunduma, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, na foleni ya pale inaweza kumla mtu siku nzima na kumrudishia usiku. Fundi yuko Mbagala, ana sare za shule za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nilimpa dereva maneno matamu ya kumtumia. Hayakumkaa mdomoni, nikayafuta. Nikampa wimbo, nao haukukaa. Ndipo akatuma hela ya uzi na vifungo, na ya kutolea, bila neno lolote zaidi ya hilo. Nilifurahi sana. Kwa jioni nzima niliamini sura imekwisha.

Kisha nikamgeukia fundi, nikauliza swali nisilojua jibu lake: hela anaitoa wapi? Nikaona kwamba haitoi. Muuza uzi wa pale mtaani ana lipa namba, kila mtu anamlipa kwa simu, na fundi hajakanyaga kwa wakala tangu mfungo uishe. Dereva wangu alimwona amesimama kwenye kibanda ambako fundi hasimami tena. Alimfikiria kwa uaminifu wote na hakupatia. Hela ya kutolea imebaki kwenye simu ya fundi, kiasi kidogo kisicho na kazi, na fundi anakitazama.

Angeweza kunyamaza. Fundi wa fungu angenyamaza, au angeandika asante mpenzi na alama ya moyo. Huyu anapiga, cherehani imesimama, mwenye sare anasubiri nje, anasema, "Ile ya kutolea imebaki. Nikurudishie?" Hapo nilikwama kwa muda mrefu, kwa sababu kila jibu nililomwandikia dereva lilikuwa zuri, na uzuri wake ulikuwa wangu. Alisema abaki nayo iwe zawadi. Alisema hiyo ni ya moyo wake. Alisema chochote ambacho mwanamume wa riwaya husema ili msomaji apumue. Nimeyafuta yote. Sasa anasema tu, "Kwani hukutoa? Uzi umenunuaje?" Na fundi anaanza kumweleza habari za duka jipya, za muuzaji anayepima uzi kwa rula, za sare zinazohitaji vifungo vyeupe na dukani vimebaki vya kijivu, na sura ambayo nilidhani imekwisha imeongezeka kurasa nne na bado wanaongea.